Kuomba tena Uchumi Uingereza baada ya kukataliwa: ni nini kimebadilika kwenye faili?

Kila mwaka wapo wanaoomba kusoma Uchumi katika vyuo vikuu vya Cambridge, LSE, UCL na Warwick, wakakataliwa kote na kubaki na ofa ya chuo cha tano tu. Mbele yao kuna njia mbili kuu: kwenda walikopokelewa, au kukaa nje mwaka mzima na kuomba upya kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vikuu vya Uingereza. Ushauri wanaopewa mara nyingi ni wa kutokata tamaa. Lakini ofisi ya udahili haipimi moyo wa mtu. Inasoma alama, matokeo ya mtihani wa kujiunga, maelezo binafsi na barua ya mwalimu. Hivyo vyote vikirudi vilevile, sioni kwa nini jibu liwe tofauti.

Kinachobadilisha faili kuliko vyote ni alama. Mwombaji wa mara ya kwanza huomba kwa makadirio ya walimu wake. Anayeomba tena huja na matokeo mkononi. LSE hutaka A*AA katika A-level, mitihani ya mwisho ya sekondari, na A* (alama ya juu kuliko A) iwe ya Hisabati. Aliyekadiriwa A ya Hisabati, kisha Agosti akapata A*, ni mwombaji mwingine kabisa, na ofa yake inaweza kuja bila masharti ya alama. Sasa mtazame aliyekadiriwa A*A*A*, akakataliwa, kisha akazipata hizohizo. Huyu huona matokeo yake ni ushahidi kwamba alionewa. Ukweli ni kwamba chuo kilimsoma kikijua huenda atazipata, na bado kikachukua wengine. Hajaongeza kitu.

Kuna pia TMUA, mtihani wa hisabati wa kujiunga unaotakiwa na Cambridge, LSE, UCL na Warwick. Una karatasi mbili. Kila moja ina maswali 20 ya kuchagua jibu kwa dakika 75, bila kikokotoo, na matokeo hutolewa kwa kipimo cha 1.0 hadi 9.0. Wengi huangushwa na karatasi ya pili. Wamejifua kwa aljebra na kalkulasi, kumbe huko wanaulizwa mantiki: sharti lipi ni la lazima na lipi linatosha, au uthibitisho huu umekosea mstari wa ngapi. Wengine huacha maswali wazi ilhali jibu baya halikatwi alama. Matokeo hutumika kwa msimu mmoja wa maombi tu, kwa hiyo alama mbovu ya mwaka jana haikufuati. Kwangu mimi, mwenye alama nzuri za A-level aliyekwama hapa ndiye mwenye sababu nzito ya kurudi, kwa kuwa mantiki hiyo hufundishika kwa miezi michache ya mazoezi.

Maelezo binafsi yaandikwe upya, ndiyo: sasa ni majibu ya maswali matatu ndani ya herufi 4,000, nafasi zikihesabiwa. Ila peke yake hayatamvusha mtu.

Gharama nayo ni kubwa. Huwezi kushikilia nafasi iliyothibitishwa huku ukiomba ya mwaka unaofuata. Lazima uiachie, na chuo hicho hakilazimiki kukupa tena. Anayetaka kurudia A-level za Uingereza hufanya mitihani Mei na Juni, matokeo Agosti, maana yake ataomba tena kwa makadirio, silaha ileile iliyomwangusha.

Njia ya tatu ndiyo ninayoiogopa: kuanza chuo kimoja huku ukiomba kingine. Cambridge kwa kawaida haipokei aliye katikati ya shahada kwingine. Na kwa wanafunzi wa England, mkopo wa ada huhesabiwa miaka ya kozi na mmoja wa ziada, kutoa miaka uliyokwisha kusoma. Ukiacha baada ya mwaka wa kwanza, ule wa ziada umekwisha. Ukija kuugua au kufeli, huna akiba.

Kwa upande wa kwenda ulikopokelewa, mwaka wa kwanza wa Uchumi hufanana karibu kila mahali: uchumi mdogo (wa watu na kampuni), uchumi mkubwa (wa nchi nzima), hisabati, takwimu. Angalia kama ekonometria, yaani takwimu za kupima nadharia za uchumi, ni ya lazima na kama inaendelea hadi mwaka wa tatu. Shahada yenye ufaulu wa daraja la kwanza na hisabati nzito huweza kufungua shahada ya uzamili katika chuo kilekile kilichokukataa. Anayelenga benki za uwekezaji ana hoja zaidi ya kusubiri, kwani huko jina la chuo huangaliwa mapema, tangu kwenye nafasi za mafunzo kazini.

Ukiamua kurudi, tarehe ya mwisho ya Cambridge ni katikati ya Oktoba, na TMUA yake ni ya Oktoba hiyohiyo. Katika machaguo matano, weka angalau mawili yasiyodai TMUA, ambayo masharti yake alama ulizonazo zinayatimiza tayari.