Kamusi ya Mtaa

Leo nimeingia kazini na shati lenye mikunjo kama ramani ya Kariakoo, na chanzo ni maneno mawili ya Kizungu, "borrow" na "lend".

Maji yetu hapa Mbagala mnayajua, yakiamua kutoka yanatoka saa kumi na moja alfajiri. Niko bombani, msuli kiunoni, ndoo mbili tupu, nasikia "Ticha! Ticha, hodi!" Mimi si ticha. Niliwahi kumsomea mtu barua ya benki, basi. Tangu siku hiyo mtaa mzima umenigeuza kamusi, tena kamusi isiyo na posho.

Ni Baba Rehema, simu mkononi. Anataka kumwomba bosi wake mgeni advansi. Kaandika: "Borrow me fifty thousand."

Nikaweka ndoo chini kisomi. "Baba Rehema, hapo ni lend. Anayetoa ana-lend, anayepokea ana-borrow. Kama kukopesha na kukopa."

"Sasa mwenye shida si mimi?"

"Ni wewe."

"Basi si nime-borrow hapo?"

"Umemwambia yeye ndiye a-borrow!"

Akanitazama kwa huruma. "Ticha, sisi tunasema niazime pasi, na tunasema nimeazima pasi. Mwenye pasi na asiye na pasi wote wanaazima, na pasi inapatikana."

"Inapatikana kwenda! Yangu iko kwako tangu Idi!"

Kimya. Kisha, taratibu: "Hiyo mimi nili-borrow au wewe uli-lend?"

"Vyote viwili!"

"Kama ni vyote viwili, tunagombania nini?"

Jamani. Akaongeza kwamba atalipa "det" yote mwisho wa mwezi. Nikamsahihisha: d, e, b, t. B ya nini? Nikamweleza kwamba Waingereza walilipokea neno hilo kutoka Kifaransa likiwa halina b, wasomi wao wakaja kuichomeka ili lifanane na "debitum" ya Kilatini. Haitamkwi. Ipo, ila haisemi.

"Kama mimi ukinigongea mlango," akasema, akacheka peke yake.

Hata "receipt" yao ina p ya namna hiyo hiyo. Watu gani hawa, kila penye pesa lazima wafiche herufi?

Ujumbe ukaenda. Jibu likaja papo hapo, kumbe matajiri nao hawalali: "No." Hilo hakuniuliza maana yake. Akakohoa, akanyoosha kola. "Basi ticha, please lend me ten thousand."

Safi kabisa! Hakuna pa kusahihisha. Nikageuka nizitazame ndoo zangu, bomba linakohoa hewa.

Mchana nikatumwa kutoa kopi. Kibao cha dukani kimeandikwa "Stationary", ile yenye a, maana yake kitu kilichosimama kisichosogea; ile ya karatasi na kalamu ina e. Nikataka kuwasahihisha. Nikaitazama foleni, nikamtazama kijana wa mashine anavyokula muhogo, nikaona hawajakosea.

Jioni mwanangu analeta daftari, kapigwa mkasi mwekundu kwa kuandika "less people", yaani watu wachache zaidi. Eti "fewer". Mnajua ilikoanzia? Mwingereza mmoja, Robert Baker, mwaka 1770 aliandika kitabu, akasema kwa vitu vya kuhesabika yeye anaona "fewer" ingefaa zaidi. Anaona! Yalikuwa maoni yake tu, na Waingereza wenyewe walishatumia "less" kwa vitu vya kuhesabika karne na karne kabla yake. Leo mtoto wa Mbagala anapigwa mkasi kwa ajili ya maoni ya mtu.

Lakini nifanyeje, nikakaa naye tufanye mazoezi. "Haya, asubuhi baba amekinga maji. Ni less au fewer?"

"Ndoo ni fewer, baba. Maji ni less."

Mama yake akadakia kutoka jikoni, sufuria tupu mkononi: "Na pasi je?"