Shingo yako haijapigwa na upepo

Tanga kila shingo inayokaza ina mshitakiwa wake: feni, baridi ya alfajiri, mto, hata jicho la mtu. Anayesahaulika ni kigoda. Pita barabara yoyote ya namba pale Ngamiani saa tano asubuhi, umtazame fundi cherehani kwa ubavuni, si kwa mbele. Sikio limelitangulia bega, mabega yamepanda, kidevu kimechomoza kuifuata sindano, na atabaki hivyo mpaka pindo la dera liishe. Maumivu ya saa mbili usiku yanatengenezwa hapo, na dawa ya kuchua haifiki hapo.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa takribani kilo 4.5 hadi 5. Kikikaa sawasawa juu ya pingili 7 za shingo, sehemu kubwa ya mzigo inabebwa na mifupa. Ukikiinamisha, kazi inahamia kwenye misuli ya nyuma, na kadiri kinavyokwenda mbele ndivyo misuli inavyolazimika kuvuta zaidi. Msuli mkubwa unaanzia kisogoni, unatandaa mpaka begani na kushuka katikati ya mgongo. Chini yake upo mwingine mwembamba, unaotoka ubavuni mwa shingo na kushika pembe ya juu ya fupa bapa la bega, upande wa ndani. Mtu akikubonyeza ukaruka na kusema "papo hapo!", mara nyingi ameugusa huo mwembamba. Msuli unaokaza na kulegea unapata damu ya kutosha. Unaokazwa saa nzima bila kuachiwa, hata kwa nguvu ndogo, unachoka na kuuma. Ndiyo maana mtu anayeshinda amekaa anaweza kulalamika kuliko anayeshusha magunia.

Kwa hiyo anza na meza. Keti, shusha mabega, kunja viwiko. Sehemu ya kushonea iwe usawa wa viwiko au kama sentimita 5 juu yake. Meza ikiwa chini zaidi, macho lazima yaifikie sindano, na shingo ndiyo inayotumwa kuyapeleka. Cherehani ya miguu inainuliwa kwa vibao vinne chini ya miguu yake, na kwa kuwa pedali inapanda pamoja na meza, magoti hayatagonga. Vibao vya nyuma viwe vinene kuliko vya mbele kwa sentimita 2 au 3 ili meza ilale kidogo kumwelekea mshonaji; kitambaa kinaonekana bila kukiinamia. Wengi hukosea kwenye magurudumu. Cherehani nyingi za zamani zina vigurudumu vidogo, na ukiviweka juu ya ubao laini mashine itahama mahali pake siku ileile ya kwanza. Chonga kishimo katika kila kibao, kigurudumu kizame. Taa nayo iwe karibu na sindano, maana asiyeona vizuri atainama hata ukimjengea meza ya dhahabu. Miwani inaponya shingo nyingi za watu waliovuka miaka 40.

Simu ni kosa lilelile, tofauti yake inakufuata mpaka kitandani. Egemeza viwiko juu ya meza au mto, uilete simu usawa wa kifua au juu kidogo. Wenye maduka wanaoibana kati ya sikio na bega huku wakipima sukari waache leo.

Anayechota maji kwa ndoo ya lita 20 amebeba zaidi ya kilo 20 kichwani. Kata ya kuwekea ndoo kichwani iwe nene na ikae katikati ya utosi. Hatari zaidi ni pale anapojitwisha na kujitua peke yake huku shingo imepinda. Atwishwe na atuliwe. Shingo ikiwa imeshaanza kuuma, afadhali safari mbili za nusu ndoo.

Sipingi kuchuliwa. Mikono mizuri, mafuta ya nazi ya vuguvugu, na taulo lililokamuliwa maji ya moto likakaa dakika 15 au 20, vyote hulegeza msuli na kukupa usingizi. Hijama, yaani kuumikwa, pia wapo wanaosema inawapa nafuu; wembe uwe mpya, na ufunguliwe mbele yako. Lakini nafuu ya namna hii ni ya saa au siku chache, kwa kuwa kesho unarudi kwenye kigoda kilekile.

Ninachopinga moja kwa moja ni kule kuzungushwa shingo kwa ghafla kwenye kiti cha kinyozi mpaka ilie "ka!". Mlio wenyewe ni wa viputo vya gesi ndani ya kiungo. Hakuna kilichorudishwa mahali pake. Ndani ya pingili hizo inapita mishipa ya damu inayokwenda ubongoni. Mara chache, msokoto wa nguvu huchana ukuta wa mshipa, damu ikaganda, na mtu akapata kiharusi. Ni nadra, ndiyo, lakini hakuna sababu ya kuicheza bahati hiyo kwa ajili ya mlio. Mwambie kinyozi aishie kwenye mabega.

Mazoezi ndiyo yenye ushahidi, na hapa watu wengi hufanya nusu. Wananyoosha tu, hawajengi nguvu. Watafiti wa Denmark walichapisha mwaka 2008 matokeo ya wanawake wenye maumivu ya kudumu ya msuli huu mkubwa wa shingo na bega. Waliofanya mazoezi ya uzito ya shingo na mabega, dakika 20, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 10, maumivu yao yalipungua sana. Waliopewa kuendesha baiskeli ya mazoezi walipata nafuu ndogo ya muda. Wanatanga na baiskeli zetu, tusameheane.

Vifaa ni bure. Omba kwa fundi baiskeli mpira wa ndani uliochakaa, ukate, ufunge kwenye nondo za dirisha usawa wa kitovu. Shika ncha mbili, vuta viwiko nyuma ukiyakaribisha mafupa ya mabega, hesabu mbili, rudi polepole. Mara 10 hadi 12, mizunguko 3. Kisha shika chupa mbili za maji za lita 1.5, mikono ikining'inia, pandisha mabega kuelekea masikioni, shusha taratibu, idadi ileile. Chupa zikiwa nyepesi mno, weka mchanga. Kati ya kazi, kila nusu saa, rudisha kidevu nyuma kama unayekwepa kijiko cha moto, macho yakiangalia mbele, shika sekunde 5, mara 10. Wiki ya kwanza misuli itauma kidogo, na wengi huacha hapo. Uchungu wa mazoezi ukiisha ndani ya siku moja, endelea. Ukishuka mkononi, simama.

Mto wa sufi husinyaa. Ukilala ubavu, mto ulioshindiliwa na kichwa ujaze nafasi kati ya sikio na godoro, si zaidi. Kulala kifudifudi kunaiacha shingo imepinda usiku kucha.

Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Diklofenaki, inayonunuliwa kama pipi, haimfai mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu, na mwenye presha amuulize daktari kwanza. Na usikimbilie picha ya eksirei. Baada ya miaka 40 pingili za watu wengi wasioumwa huonekana zimesagika. Karatasi ya majibu ya picha hutisha kuliko inavyosaidia.

Lakini nenda hospitali, iwe Bombo au iliyo karibu, ukiwa na ganzi au udhaifu mkononi, miguu inayoyumba, mkojo usiozuilika, homa na shingo isiyokunjika, au maumivu yaliyofuata kuanguka na bodaboda. Bega au mkono wa kushoto ukiuma pamoja na kifua kubana na jasho, usisubiri asubuhi.

Bega lenyewe lina ugonjwa wake. Kama kugeuza shingo hakuumi, ila mkono haupandi wala haugeuki nje hata mtu mwingine akiusukuma, huenda kiungo kimeganda. Huwapata zaidi wenye miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari kuliko wengine. Huyo apimwe sukari kabla ya kuuziwa chupa nyingine ya dawa ya kuchua.