Fisi wa Ruiru na Kitengela

Nilikuwa na miezi miwili tu kazini yaliponikuta haya. Kazi yangu ni kupanga safari za lori katika kampuni ya magodoro, Industrial Area. Lori ni moja. Wateja wakubwa wako pande mbili zisizoonana: Ruiru, kwa Barabara ya Thika, na Kitengela, kwa Barabara ya Mombasa. Ile barabara ya juu ya kulipia, iliyofunguliwa 2022, mhasibu wetu amelipiga lori marufuku kuikanyaga. Kwa hiyo linapita chini, linakwama Imara Daima, linakwama tena Cabanas, na dereva ananipigia simu kunieleza matatu iliyo mbele yake imechorwa nini.

Ripoti za mizigo kuchelewa nilikuwa nikizitoa kwa jedwali, na Mzee, yaani mkurugenzi, alikuwa akizisinzilia. Kisha tukapelekwa mafunzo ya siku moja katika hoteli huko Westlands. Huko tukaambiwa kwamba siku hizi mfanyakazi hasomi tarakimu, anasimulia hadithi: mhusika awe na anachokitaka, azuiwe na kitu, halafu msikilizaji aione dawa mwenyewe. Mimi mtu wa Malindi, kufundishwa hadithi kwa slaidi, ilikuwa kama kuuziwa tui la mkebe. Lakini chai ilikuja na sambusa, nikasikiliza.

Jumatatu nikasimama mbele ya wakuu, mikono mitupu.

"Paukwa!"

Kimya. Dada mmoja wa mauzo akanionea huruma. "Pakawa."

"Hapo kale palikuwa na Fisi. Siku moja akafika njia panda. Akanusa kushoto, nyama. Akanusa kulia, nyama."

Mzee akainua kichwa. Raha iliyonipata! Sikuwahi kuyaona macho yake yote mawili yamefunguka kwa pamoja. Nikakoleza.

"Nyama ya kushoto iko Ruiru. Ya kulia iko Kitengela."

Mhasibu akakohoa. Nikadhani ni kikohozi.

"Sasa Fisi huyu, wakuu wangu, hataki kuacha hata moja. Akilala Ruiru, Kitengela wanashinda wakipiga simu: uko wapi, mbona hufiki? Anawajibu yuko Mlolongo, anaingia sasa hivi. Na wala hajatoka Ruiru! Akija kufika Kitengela ni usiku wa manane, yuko hoi, na huku nyuma Ruiru nao wameanza kununa."

Meneja wa mauzo aliitazama meza kana kwamba imeandikwa kitu. Yule dada wa pakawa alikuwa ameuma leso. Wameguswa hawa, nikajiambia. Mkufunzi si alisema chumba kikinyamaza ujue hadithi imeingia?

"Mwisho wake?" Mzee akauliza kwa sauti ndogo.

"Akaamua kuzifuata njia zote mbili kwa mpigo. Mguu huu huku, mguu huu kule." Hapo nikaitanua miguu yangu mbele yao, maana tulifundishwa kutumia mwili, mpaka goti likalia. "Akapasuka msamba, Mzee. Katikati. Nyama wakala wengine."

"Tokeni nyote. Wewe baki."

Mlango ulipofungwa akaniinamia. "Kijana, hii hadithi umeitoa wapi?"

"Nilisimuliwa na bibi, Mzee."

Kwetu pwani bibi ni mamake baba au mamake mama. Huku Nairobi huyo ni nyanya, na bibi ni mke wa mtu. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana. Lilinitoka tu.

"Bibi yupi?"

"Yule mkubwa." Nyumbani tunao wawili, babu alioa mara mbili. "Mkubwa ndiye anayejua mambo yote. Yule mdogo hukaa akamsikiliza."

Mzee alishika ukingo wa meza. "Wanaongea?"

"Kila siku. Si wanaishi pamoja?"

"Tangu lini?"

"Tangu babu alipokufa."

Akanitazama muda mrefu. Feni iligeuka huku, ikageuka kule.

"Babu gani?"

"Babu yangu, Mzee. Malindi."

Akashusha pumzi kama godoro lililokaliwa na mtu mnene. Akatoa kitambaa, akajipangusa shingo yote, mbele na nyuma.

"Na huyo Fisi ni nani?"

"Ni lori, Mzee."

"Lori."

"Ndiyo. Nilikuwa naomba la pili."

"Utapewa," akasema. "Leo hii utapewa. Na kuanzia sasa uniletee jedwali."

Mhasibu alikuwa akinisubiri kwenye korido. Alinivuta hadi penye mtungi wa maji, akaninong'oneza ni nani anayeishi Ruiru, ni nani anayeishi Kitengela, na kwa nini Mzee husinzia mikutanoni.