Chipu maalumu kwenye njia ya ujumbe wa kijeshi

Jeshi la Marekani hubadilishana sehemu ya taarifa zake za uwanja wa vita kwa mfumo uitwao Cursor on Target, uliobuniwa na taasisi ya MITRE mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ukiufungua ujumbe wake mmoja ulioandikwa kwa XML, yaani maandishi yenye lebo zinazosomwa na kompyuta, utakuta alama kama "a-h-G", yaani kitu halisi, cha adui, cha nchi kavu; utakuta mahali kilipo, saa kilipoonekana, na saa ambayo baada yake taarifa hiyo huhesabiwa imechacha. Seva inayoelekeza ujumbe inapaswa kuusoma wote, iamue nani kati ya waliojiandikisha anastahili kuupata, na iutume kabla ya saa hiyo.

Wanaotaka kazi hiyo ifanywe na maunzi, hasa chipu za FPGA ambazo sakiti zake hupangwa upya hata baada ya kutoka kiwandani, wana hoja nzito. Kichakataji cha kawaida kinaweza kuwa na wastani mzuri, lakini ujumbe unapomiminika kwa ghafla foleni hurefuka, na kamanda haongozi vita kwa wastani. Sakiti iliyojengwa kwa kazi moja hutumia muda unaotabirika. Tena, kwenye lango kati ya mtandao wa siri na usio wa siri, sakiti ndogo isiyotegemea mfumo endeshi humwachia mdukuzi mianya michache. Kwangu hoja hii inaizidi ile ya kasi.

Hata hivyo, hesabu hubadilika tukifika mstari wa mbele. Ujumbe wa baiti 500 ni biti 4,000, na kwenye redio ya HF (ya masafa marefu) inayopitisha biti 2,400 kwa sekunde utachukua zaidi ya sekunde moja na nusu kupita, hata kama chipu imeuchambua kwa kufumba na kufumbua. Hapo dawa ni kuupunguza ujumbe wenyewe: Link 16, mtandao wa kijeshi wa kubadilishana data kwa redio, hupanga taarifa zake katika vipande vya biti 75 viitwavyo "maneno", na tangu 2011 W3C, shirika la viwango vya wavuti, lina kiwango cha EXI cha kuibana XML.

Kuna pia gharama ya ugumu. Kanuni ya uelekezaji iliyo kwenye programu hurekebishwa upesi mshirika mpya anapojiunga, ilhali ya kwenye sakiti hudai wataalamu adimu na majaribio mapya. Mwaka 2020 watafiti wa Ujerumani walifichua Starbleed, kasoro ya chipu za FPGA za kampuni ya Xilinx za mfululizo wa 7 iliyowezesha kufungua mpangilio wa sakiti zake uliosimbwa, yaani uliofichwa kwa msimbo wa siri. Ilikuwa ndani ya silikoni, hivyo tiba kamili ilikuwa kubadilisha chipu yenyewe.

Kwa hiyo ningeziweka chipu hizi makao makuu na kwenye malango, si kwenye kila gari. Na hata huko, ujumbe ukisimbwa kutoka kwa mtumaji hadi kwa mpokeaji, kifaa cha katikati hubaki kusoma anwani ya nje tu, kazi ambayo kichakataji cha kawaida hakilemewi nayo.