"Nyoka Mwenyewe Alikuwa Mkubwa?"

Hilo ndilo swali la kwanza mjomba wangu aliloulizwa alipofikishwa zahanati, mkono umeviringishwa kanga. Kabla hajajibu, watatu waliomsindikiza walishanyoosha mikono kuonyesha. Mmoja alipima kutoka ncha za vidole hadi kifundo cha mkono, mwingine akafika karibu na kiwiko. Wakakubaliana: kadogo. Kifutu mchanga, amemuuma kidole cha shahada wakati wa palizi, chini ya mikorosho. Akapewa vidonge vya maumivu, akaambiwa akapumzike nyumbani.

Nina ugomvi na swali hilo, japo si la kijinga. Ukubwa wa nyoka una maana yake, tena kubwa.

Kijiweni kwetu wapo wanaoshikilia kinyume: eti mtoto wa nyoka ni hatari kuliko mama yake kwa sababu hajajua kubana sumu, akiuma anamwaga yote. Hata mimi niliwahi kuirudia hiyo kwa kujiamini. Hesabu inaikataa. Nyoka akiongezeka urefu mara mbili, ananenepa pia, na tezi zake za sumu zinakua kila upande. Ukipiga mbili mara mbili mara mbili unapata nane. Kwa hiyo kifutu wa sentimita 90 hana akiba mara mbili ya yule wa sentimita 45, bali ni kama mara nane. Mdogo hata akamwaga yote aliyo nayo, mkubwa akitoa sehemu tu ya yake amemzidi. Ni kweli baadhi ya nyoka mchanganyiko wa sumu yao hubadilika wakikua, lakini hiyo ni habari ya aina ya sumu, si ya wingi.

Kosa linaanza pale tunapochukua kipimo hicho na kulinganisha nyoka wa aina tofauti. Koboko anaweza kupita mita mbili na nusu, kifutu mara nyingi hata mita moja haimalizi. Ukiwakamua, kifutu mnene anaweza kutoa miligramu 100 hadi 350 za sumu kavu, na koboko mrefu wa kawaida hufika 100 na kidogo. Sumu haikai mkiani. Tezi ziko nyuma ya macho, ndiyo maana kichwa cha kifutu kimepanuka kama koleo. Binamu yake, kifutu wa Gaboni, ana chonge za hadi sentimita 5 na akiba ya kutisha kuliko wote hao. Huko Newala ndiko Ionides, yule Mwingereza aliyeitwa Bwana Nyoka, alikuwa akiwakamata kwa wingi na kuwatia kwenye masanduku.

Halafu wingi nao si ukali. Boomslang, nyoka wa mitini ambaye hata huku kwetu yupo, hutoa miligramu chache tu. Septemba 1957, Karl Schmidt, mtaalamu wa nyoka wa Chicago, aliumwa na boomslang mchanga asiyefika mita moja. Jino moja tu ndilo lililozama, kama milimita 3 hivi. Schmidt akaona si jambo la kumpeleka hospitali. Akala chakula cha jioni, akalala, akaamka akanywa chai, huku akiandika kila dalili kwenye daftari. Mchana wa siku hiyo ya pili akafa. Huyo ni mtu aliyewasoma nyoka maisha yake yote, na bado kadogo kalimdanganya.

Ndiyo maana nasema swali la zahanati lielekezwe kwa mgonjwa. Uvimbe umefika wapi? Damu ya fizi inatoka? Kope zinalegea? Nyoka mkubwa anaweza kuuma bila kutoa sumu hata tone, na mdogo akatoa ya kutosha. Watu wengi hushangaa wakisikia kwamba mtoto wa miaka mitatu hupewa dozi ileile ya dawa ya sumu ya nyoka anayopewa baba yake. Panadol tunaigawa kwa uzito wa mtoto, hii hapana, kwa sababu inakwenda kupambana na sumu, na nyoka hampimi mtu kwenye mizani kabla ya kumuuma. Tena sumu hiyohiyo ndani ya mwili mdogo inaumiza zaidi.

Asubuhi iliyofuata mkono wa mjomba ulikuwa umevimba mpaka begani, ngozi ya kidole imekuwa nyeusi na imejaa malengelenge. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nikiwa nyuma nimemshikilia, mpaka hospitali kubwa. Dawa ilipatikana, mkono ukapona. Kidole hakikupona, walikikata.

Siku hizi akisimulia, hutumia mkono huohuo kuonyesha urefu wa yule nyoka. Mwaka jana alikuwa amefika kwenye kiwiko. Idi hii nilimsikia akiwaambia wajukuu kwamba alikuwa sawa na mpini wa jembe, na hakuna aliyembishia.