Padri Kapaun na sufuria za bati

Ndugu mwandishi, asante kwa makala kuhusu Padri Emil Kapaun, kasisi wa jeshi la Marekani katika Vita vya Korea, ila umemwita shahidi (mtu aliyeuawa kwa ajili ya imani), na Kanisa Katoliki halikumtambua kwa njia hiyo. Februari 2025 Papa Fransisko aliidhinisha hati inayosema aliyatoa maisha yake kwa ajili ya wengine, njia iliyofunguliwa mwaka 2017. Tofauti si ndogo: shahidi hatakiwi kuwa na muujiza ili atangazwe mwenyeheri (hatua kabla ya kuwa mtakatifu), Kapaun anatakiwa kuwa nao mmoja.

Pia umetaja Medali ya Heshima aliyopewa na Marekani tu, ukaruka kambi ya wafungwa wa vita ya Pyoktong, Korea Kaskazini, na huko ndiko ushujaa wake ulikokaa. Alitekwa Unsan Novemba 1950 kwa sababu alikataa kuwaacha majeruhi. Kambini aliokota mabati ya paa, akayagonga kwa jiwe hadi yakawa vyombo vya kuchemshia maji. Hilo laonekana jambo dogo, lakini maji machafu huleta kuhara damu, na mtu mwenye njaa kwenye baridi ile hamalizi siku nyingi akishaanza kuhara. Aliwafulia wagonjwa nguo zilizochafuka, akawatoa chawa wale waliokosa nguvu (chawa wengi humzidishia udhaifu mtu aliyekwisha kudhoofika), na usiku aliiba nafaka za walinzi, akimwomba Mtakatifu Dismas, yule mwizi mwema aliyesulubiwa pamoja na Yesu.

Alifariki 23 Mei 1951, akiwa na umri wa miaka 35. Mabaki yake yalitambuliwa Machi 2021, na sasa yamehifadhiwa katika kanisa kuu la Wichita, Kansas.