Springi fupi au koilova? Gari lashushwa Mombasa, si Yokohama

Jioni moja wiki iliyopita mpwa wangu aliegesha Toyota Fielder yake mbele ya baraza yetu, Kibokoni, akachutama na kutia kiganja baina ya tairi ya mbele na madigadi. "Mjomba, tizama. Paka apita hapa na mkia juu." Mkono wa pili ulishika simu yenye picha mbili: seti ya springi nne fupi, nyekundu, na seti ya koilova zilizopangwa kama mishumaa. Bei ya koilova ilikuwa mara kadhaa ya springi. Alitaka kulishusha gari, likae karibu zaidi na ardhi, na swali lake lilikuwa moja tu: pesa za ziada zina maana?

Nilimjibu papo hapo, na jibu lenyewe sikuridhika nalo. Kwa hivyo nalirudia hapa nikiwa nimetulia.

Springi ya kushushia huingia mahali pa springi ya kiwandani, na shoki, ile bomba inayotuliza mneso wa springi, hubaki ile ile. Ni fupi, na kwa kawaida ni ngumu zaidi kidogo, maana gari likishuka sentimita 2 hadi 4, nafasi ya kwenda juu na chini imepungua na lazima kitu kilizuie lisigonge. Urefu aliouamua mhandisi ndio utakaokaa nao. Koilova ni shoki na springi vilivyoundwa pamoja. Mwili wa shoki umechongwa hesi, yaani thredi, na ringi inayoshika springi hupanda na kushuka kwa spana. Nyingi zina kitufe cha kukazia au kulegeza shoki yenyewe: Flex Z ya Tein ina ngazi 16, BR ya BC Racing ina 30. (Sijakutana na dereva wa Mombasa anayejua yuko ngazi ya ngapi.)

Kwa karatasi, basi, springi ni za mtu wa bajeti na koilova ni za anayetaka gari lilale chini kabisa. Vijana wengi hupigia hesabu hapo. Mimi naona mambo yako kinyume chake.

Tuanze na springi, kwa sababu ndizo zinazoonekana rahisi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Waagizaji wengi hulisogelea tarehe ile ile ili kupunguza bei, kwa hivyo gari "jipya" linaloshuka bandarini Kilindini mara nyingi limeshatembea miaka sita au saba Japani. Rangi yang'aa, viti safi, lakini shoki zimekwisha kazi nusu. Hapo ndipo mtu huzifunga springi ngumu zaidi juu ya shoki zilizochoka. Springi ikibanwa huhifadhi nguvu, na shoki ndiyo yenye kazi ya kuizuia isirudi kwa pupa. Shoki dhaifu ikishindwa na springi kali, gari hupita tuta moja likanesa mara tatu. Juu ya hayo, shoki ya urefu wa kiwandani sasa yafanyia kazi sehemu yake ya chini tu, na raba ya kugongea iko karibu mno. Mtu husema springi ni ngumu, kumbe gari lakalia raba.

Dawa yake yajulikana: shoki mpya zilizofupishwa kwa ajili ya springi fupi, kama zile Bilstein wanazoziita B8. Lakini ukiongeza bei ya shoki nne kwenye bei ya springi, ule upungufu wa bei uliokuvutia umeyeyuka, na wajikuta jirani na koilova za bei ya chini. Hii ndiyo hesabu ambayo picha ya simuni haikuonyesha.

Na kuhusu kukata springi kwa grainda au kuzichoma moto zilale, sina haja ya kupoteza wino. Moto huua chuma cha springi, na springi iliyokatwa yaweza kutoka kwenye kikalio chake gurudumu likining'inia shimoni.

Sasa koilova. Hoja yake yenye nguvu hapa kwetu sijaisikia ikitajwa gerejini: koilova yakuruhusu kushusha kidogo. Springi za Kijapani zimetengenezwa kwa barabara za Kijapani, ambako kanuni yataka gari libaki na sentimita 9 tu kutoka chini, na tuta la mtaani ni nadra. Aliyeamua kwamba gari lako lishuke milimita 35 hakuwahi kupita Bamburi. Kwa koilova waweza kusema nataka milimita 15, paka asipite na mkia juu lakini apite. Zipo hata zinazorefushwa kwa kuzungusha kikombe cha chini, springi ikabaki ilivyobanwa, na safari ya shoki isipungue.

Ukitaka kujua milimita 15 na 35 zatofautianaje, nenda kivuko cha feri cha Likoni siku za bamvua maji yakiwa yametoka. Bahari yetu hupanda na kushuka mita 3 na zaidi siku hizo. Maji yakijaa, feri iko juu na gari huingia karibu sawasawa. Yakipwa, feri hukaa mwisho wa mteremko, gari lashuka pua chini, kisha ghafla lapambana na mlango wa chuma ulioinuka. Hapo pua hufika kabla ya tairi. Bampa husaga, watu mia kadhaa wanaovuka kwa miguu hugeuka kutizama, na nyuma yako kuna matatu lisilo na subira. Wapo watakaosema siku hizi kuna barabara ya Dongo Kundu isiyohitaji feri, gari la chini lipitie huko. Sawa, kama kwako ni Miritini. Anayetoka Mji wa Kale kwenda Likoni atazunguka robo ya kaunti ili kuilinda bampa.

Basi koilova zimeshinda? Hapo ndipo chumvi inapoingia, na nilipomjibu mpwa wangu niliisahau kabisa.

Ile hesi ndiyo thamani yote ya koilova, nayo iko wazi chini ya gari, nyuma ya gurudumu, mahali panaporushiwa kila kitu. Mteremko wa feri hukaa umelowa maji ya bahari. Upepo wa Mama Ngina una chumvi. Hata ukisema utaliosha gari, sehemu nyingi za kisiwani huosha kwa maji ya kisima, na visima vingi vyetu ni vya maji ya chumvi. Unatoa vumbi na kupaka chumvi. Ringi nyingi ni za alumini juu ya mwili wa chuma, na metali mbili zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja huliwa haraka. Baada ya misimu miwili ya masika, ringi haizunguki. Fundi mmoja wa Majengo alinionyesha koilova aliyoitoa kwenye Subaru: ringi imeota unga mweupe, alama za patasi zimeizunguka pande zote, spana ya kiwandani imepinda. Akaniambia, "Hii mwenyewe aliinunua ili airekebishe. Sasa ni springi ya kawaida, ila yenye bei."

Yazuilika, ndiyo. Grisi ya kuzuia kutu kwenye hesi kabla ya kufunga, kifuniko cha raba, na kuizungusha ringi mara mbili kwa mwaka hata kama hutaki kubadilisha kitu. Hapo naomba kila mtu ajiulize kwa ukweli: mara ya mwisho kupima upepo wa spea tairi ilikuwa lini?

Kuna jambo jingine dogo la Fielder. Mbele, shoki na springi ni kitu kimoja. Nyuma kuna boriti moja, na springi imekaa mbali na shoki. Kwa hivyo "koilova" za nyuma huja vipande vipande: springi fupi yenye kikalio cha kuzungusha, na shoki peke yake. Honda Fit vivyo hivyo. Hazina ubaya, lakini ujue nusu ya seti ni springi fupi na shoki nzuri, kitu ambacho ungeweza kukipata bila jina la koilova.

Tairi kuliwa upande wa ndani hakuchagui. Ukishusha kwa njia yoyote, pembe za magurudumu hubadilika, alaimenti ni lazima siku hiyo hiyo, na tena baada ya wiki kadhaa springi zikishakaa. Na gari lenye shoki na springi pamoja mbele, likishushwa mno, mikono ya chini inayoshika magurudumu huinama vibaya hadi gari hulala zaidi kwenye kona kuliko lilivyonunuliwa. Kampuni ya bima nayo iambiwe, kabla haijajionea yenyewe siku ya ajali.

Maoni yangu, kwa gari la kila siku la kisiwani: shoki mpya kwanza, springi za kushusha kidogo baadaye, za mtengenezaji mmoja au zilizotajwa kuwa zaendana. Koilova namwachia mwenye kuingia chini ya gari lake mwenyewe, anayejua kwa nini anataka milimita 15 na si 30, au mwenye gari la pili. Wengi watanipinga, na wana haki kwa jambo moja: springi ngumu ya koilova haizami sana kwa mzigo. Chukua mfano wa springi ya kilo 3 kwa milimita, yaani kila kilo 3 huishusha milimita moja. Ukiitwika kilo 60 itashuka milimita 20. Ya kilo 6 itashuka 10. Kwa familia ya Jumapili ya Diani, hilo si dogo.

Hilo la mzigo tulilijaribu pale pale barazani. Tuliwaita watoto wanne waliokuwa wakicheza mpira, wakajazana kiti cha nyuma kwa kelele, na mimi nikapima kwa vidole. Madigadi ya nyuma yalishuka kidole kizima na zaidi. Mpwa wangu alisimama mbali, akainamisha kichwa, akalitizama gari kwa ubavuni. "Hapo, mjomba. Hapo hapo ndipo nilipopataka."

Kisha watoto wakashuka mbio, na gari likanesa juu chini mara tatu kabla ya kutulia. Hakusema neno. Jana amenipigia simu kuuliza bei ya shoki.